Morfydd Mlango: Maisha ya Mwalimu Morfydd Beynon, 1941–2023

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni Lowri, binti wa kaka wa marehemu. Kazi ya kusoma wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu watoto wake wamesema wakisoma wao watalia. Nimewaahidi kuwa mimi nitajikaza, angalau hadi ukurasa wa pili.

Marehemu Mwalimu Morfydd Beynon alizaliwa tarehe 12 Februari 1941 hapa hapa Blaen-hesg, katika nyumba ya tatu kutoka darajani. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bw. Taliesin Prosser, mchimba makaa ya mawe, na mkewe, Bi. Ceinwen. Wazazi wake walizungumza Kiwelshi, lugha yetu ya asili, wao kwa wao, lakini kwa watoto walitumia Kiingereza, wakiamini ndicho kitakachowafikisha mbali. Kiwelshi kikabaki lugha ya siri: zawadi za Krismasi, ugomvi wa majirani, nani ana mimba. Walisahau kwamba mtoto akifichwa jambo, masikio yake hayalali. Alipokuwa na miaka mitano, mama yake alisema mezani, kwa Kiwelshi, kuwa Jumapili atachinjwa kuku mwekundu. Morfydd akadakia kwa Kiwelshi safi, "Huyo hachinjwi! Mchinjeni jogoo, ndiye mkorofi!" Jogoo akachinjwa, na siri zote zikahamia chumbani.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini, kisha sekondari ya wasichana bondeni. Enzi hizo masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Kiwelshi kilitolewa kabatini mara moja kwa mwaka, tarehe mosi Machi, sikukuu ya taifa letu, watoto walipoimba huku wamebandikwa vifuani majani ya liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, na kabla ya saa sita mchana wengi walikuwa wamekwisha kuyatafuna. Mwaka 1959 alijiunga na chuo cha ualimu mjini Caerfyrddin, akahitimu mwaka 1962, akarudi kufundisha watoto wadogo katika shule ile ile aliyosoma.

Tarehe 7 Agosti 1965 alifunga ndoa na Bw. Idwal Beynon, dereva wa basi, ambaye Kiwelshi chake kiliishia kwenye nyimbo za raga. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gwydion na Mererid. Naomba niseme wazi kwamba kampeni kubwa ya maisha ya shangazi haikuanzia vitabuni. Ilianzia kwenye basi la mumewe. Wazazi waliotaka watoto wao wasome kwa Kiwelshi iliwabidi wawapeleke ng'ambo ya mlima, na aliyewapeleka alikuwa Idwal. Njia ile ina kona nyingi kuliko utumbo. Jioni moja Idwal aliingia jikoni, akavua kofia, akasema, "Sikiliza mke wangu. Leo wametapika tena. Ama mfungue darasa hapa hapa, ama hilo basi uwe unaliosha wewe."

Shangazi hakuosha basi. Alianza kugonga milango ya wazazi, na halmashauri ikakubali kumtuma afisa elimu aje asikilize. Mkutano ulifanyika Ijumaa, tarehe 8 Novemba 1974, katika ukumbi wa nyuma wa kanisa hili. Afisa huyo aliitwa Bw. Gerald Hartnell, mzaliwa wa Liverpool, suti ya kijivu, tai imenyooka. Sasa adabu yetu mnaijua. Akiingia mgeni mmoja asiyejua lugha yetu, chumba kizima kinahamia Kiingereza ili asijisikie mpweke. Basi watu wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakamweleza mgeni jinsi Kiwelshi kilivyo uhai wao na pumzi yao, kwa Kiingereza kitupu. Hata Mchungaji Gethin Howells aliomba sala ya kufungua kwa Kiingereza, jambo ambalo Mungu mwenyewe nadhani lilimshangaza.

Bw. Hartnell alisikiliza kwa heshima, kisha akafunga mkoba wake. "Nawashukuru kwa chai na mkate wa zabibu," alisema. "Lakini lazima niwe mkweli. Siwezi kuiambia halmashauri ifungue darasa la lugha ambayo jioni nzima sijaisikia." Akaaga. Ukumbi ukanywea. Shangazi alikuwa ameshika birika, na alituambia baadaye kwamba aliona kabisa basi likiendelea kupanda mlima ule miaka na miaka, mpaka siku wazazi watakapochoka na kuacha.

Mlangoni alikuwa amelala mbwa wa mchungaji, mzee, kiziwi. Bw. Hartnell akamkanyaga mkia. Mbwa akalia, naye mgeni akainama, akampapasa kichwa na kumwambia kwa Kiwelshi kitamu cha magharibi mwa nchi yetu, "Nisamehe, mzee wangu, sikukuona. Umeumia?"

Kumbe wakati wa vita alihamishwa kutoka Liverpool akiwa mtoto ili kuepushwa na mabomu, akalelewa kwenye shamba la watu wa huko magharibi, na mpaka siku ile, akikutana na mnyama, kilichomtoka ni Kiwelshi. Jioni nzima alikuwa akiongea Kiingereza kwa kuwaheshimu wenyeji, nao wakiongea Kiingereza kwa kumheshimu yeye!

Shangazi aliweka birika chini, akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo na kuutia mfukoni mwa aproni.

"Hatoki mtu," alisema. "Bwana Hartnell, rudi ukae. Mkutano unaanza upya."

"Mama, basi langu la mwisho linaondoka sasa hivi."

"Haliondoki. Dereva ni mume wangu, na yuko pale anakula keki."

Mkutano ukarudiwa wote, kwa Kiwelshi, pamoja na sala. Darasa lilifunguliwa Septemba 1975, na shangazi akiwa mwalimu wake. Tangu siku ile kijiji kizima kilimwita Morfydd Mlango, na yeye akaapa kwamba hatahama tena lugha yake kwa sababu ya adabu. Mumewe alijiunga na darasa lake la jioni la watu wazima, akafeli mtihani wa kwanza. "Aliyenifelisha ni mke wangu," alilalamika. "Sasa nimshitaki kwa nani?" Shangazi alistaafu mwaka 2001. Mwaka 2011 darasa lile moja lilikuwa limekuwa shule nzima.

Januari mwaka huu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa. Siku moja nikiwa naye, aliingia muuguzi kijana aliyevaa hijabu. Shangazi hakuwa na miwani. Alimwomba maji kwa Kiingereza cha upole, taratibu, kama anayeongea na mgeni. Binti yule akasimama, mkono kiunoni, akajibu kwa Kiwelshi.

"Mwalimu, nimekosa nini mpaka uniadhibu kwa Kiingereza?"

Shangazi alikodoa macho. "Hodan? Hodan Jama? Wewe si ndiye uliyekula liki ya mwenzako?"

"Ndiye. Na yangu pia niliila."

Walicheka mpaka mashine ikapiga kelele na daktari akaja mbio. Hodan alipotoka, shangazi alinishika mkono. "Lowri, miaka yote hii, na adabu bado imenishinda," alisema. Halafu akalia kidogo. "Usiku ule nilimfungia mlango yule bwana kwa ajili ya mtoto huyu, nami leo sikumtambua."

Na mimi hapa ndipo ahadi yangu ya ukurasa wa pili inaponishinda.

Mwalimu Morfydd alifariki dunia Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, asubuhi, Idwal akiwa upande mmoja na Hodan upande wa pili, wote wawili wakimsemesha kwa Kiwelshi. Ameacha mume; watoto, Gwydion na Mererid; wajukuu, Anest, Macsen na Heledd; kaka yake, ambaye ni baba yangu, Emrys; na shule.

Baada ya maziko tutakunywa chai katika ukumbi ule ule. Wageni msiojua lugha yetu, karibuni sana, tutawakalisha karibu nasi na kuwatafsiria kila neno. Lakini wenyeji, leo asihame mtu. Ufunguo ninao mimi.

Apumzike kwa amani, na kwa lugha yake.