Mkunga Aliyeongoza Hospitali ya Wagonjwa wa Akili

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha magunia. Alikuwa mtoto wa pekee wa karani wa stoo na mkewe, fundi cherehani. Alipotimiza miaka saba, mama yake aliugua akili. Baba aliogopa midomo ya majirani, akamfungia mkewe chumba cha nyuma, na marehemu ndiye aliyekuwa akimpitishia chakula dirishani. Mama huyo alikaa humo miaka mitatu, akafia humo humo. Tangu siku hiyo marehemu aliishi na hofu moja, kwamba akili yake nayo itamruka na atafungiwa kama mama yake. Hofu hiyo hakumficha binti yake wa pekee, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akamaliza sekondari mwaka 1966 akiwa wa pili kwa hesabu. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ukunga. Mkuu wa chuo alipomuuliza kwa nini kazi hiyo, alijibu, "Kule watu wanalia, lakini kuna mtu anawashika mkono." Alihitimu Novemba 1970, akapangiwa wodi ya wazazi, na huko alitumikia miaka ishirini na mitatu na ushee.

Mwaka 1972 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole ajabu, ambaye pamoja na saa zote zile ukutani alichelewa kila mahali, hata harusini kwake. Walijaliwa binti mmoja na wana wawili. Fundi saa alitutoka mwaka 2011.

Juni 1994 ilikuja barua ya kumteua kuongoza hospitali ya umma ya wagonjwa wa akili. Waliomtangulia walikuwa watatu. Wa kwanza, daktari wa jeshi, alitaka wagonjwa wasimame mstari. Wa pili, daktari wa upasuaji, alikuwa mkali kwa vitanda kukaa sawa. Wa tatu, ofisa utawala, alijua mafaili kuliko sura za watu. Wote walikuwa wasomi, ila hakuna hata mmoja aliyesomea magonjwa ya akili. Sasa akaletwa mkunga. Wauguzi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Huyu atamzalisha nani hapa?" Wakampa jina, Mkunga Mkuu.

Wiki yake ya kwanza, mgonjwa mmoja, dereva wa lori mwenye mwili wa kuziba mlango, alisimama kwenye korido ameshika chuma cha kitanda. Walinzi walikwisha kuleta kamba. Marehemu hakujua njia nyingine zaidi ya ile ya wodi ya wazazi. Aliketi sakafuni, akasema, "Pumua, baba. Yanakuja, yanapita. Pumua nami."

Yule dereva alimkodolea macho. "Mama, mimi sina mimba!"

Korido nzima ikaangua kicheko, na dereva naye akacheka, akaweka chuma chini. Jioni nyumbani marehemu aliacha chai yake ikapoa. Akamwambia binti yake, "Siku nikiwa kama yule, nipeleke wodini. Usinifungie nyumbani. Niahidi." Binti akaahidi. Alikuwa na miaka ishirini, na kuahidi hakukumgharimu kitu.

Marehemu aliongoza kwa miaka kumi na minne. Aliamuru wodi zisifungwe mchana, na mara mbili aliitwa mbele ya bodi kujieleza. Kila mara alirudi hajabadili amri. Alistaafu mwaka 2008.

Mwaka 2021 alianza kusahau. Kwanza majina, kisha njia ya sokoni, na Oktoba 2023 alikutwa barabara kuu akiwa na kanga moja, akiwauliza wapita njia wodi ya wazazi iko wapi. Binti yake alishikwa na woga. Aliogopa watu watasema kiongozi wa wale wagonjwa naye kawa mgonjwa. Aliogopa pia foleni: bibi, mama, halafu nani? Basi akamweka mama yake chumbani, akatia komeo kwa nje. Kila asubuhi marehemu aligonga taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa, na binti akafungulia redio.

Jumatatu ya tarehe 19 Februari 2024 hakugonga. Ukimya ule ulimtisha binti kuliko makelele yoyote. Alifungua mbio, akamkuta mama yake ameketi chini, nyuma ya mlango.

"Dada," marehemu alimwambia mwanawe, asimtambue, "nimefanya kosa gani?"

Asubuhi hiyo hiyo akapelekwa hospitali ile ile aliyoiongoza. Muuguzi wa mapokezi, aliyekuwa akijaza fomu, aliuliza kazi ya mgonjwa. Binti aliona haya. Marehemu akajibu mwenyewe, "Mkunga." Kisha akamshika muuguzi mkono. "Usinifungie, mwanangu."

"Hatufungi, mama. Karibu ndani."

Aliishi huko wiki saba, akilala vizuri na kula vizuri, mpaka homa ya mapafu ilipomchukua Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, saa tisa alasiri, binti yake akiwa kando ya kitanda.

Ameacha binti mmoja, wana wawili, wajukuu sita, na wauguzi wengi wanaomwita mama. Wanawe wawili wanasikia habari ya komeo leo, pamoja nanyi. Walipopiga simu, dada yao aliwaambia mama amelala. Alimfungia mama yao miezi minne, baada ya kumwahidi, na anawaomba radhi wao na ninyi nyote. Aliyestahili kuombwa kwanza hasikii tena.

Mungu ampe pumziko la amani, na asimwache peke yake mpaka apazoee mahali pake papya.