Mashua Niliyoijaza Sufi

Ni mwaka ule nazi zilipoadimika, Kariakoo nzima tukafuturu mihogo ya maji na chumvi. Mmeukumbuka. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka wa nyuma yake. Eda ilikwisha, wenzangu mkanitoa, mimi nikarudi ndani mwenyewe.

Ndugu zangu wa kikoba, nawaambia kweli, hata cherehani niliifunika kanga. Mnanijua, nashona mito Msimbazi tangu kifua changu kimesimama. Wateja walibisha hodi, nikanyamaza kama sipo.

Marehemu aliniachia mashua, imepinduliwa ng'ambo Kigamboni, mbuzi wanalala chini yake. Siku moja shemeji yangu akaniletea mkaanga samaki wa Feri. Mkaanga akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akasema anataka kununua mbao za mashua ile, zimekauka vizuri, zitawaka bila kupuliza.

Jamani, damu ilirudi mwilini. Nikamwambia, "Mashua ya mume wangu haikaangi samaki wa mtu."

Shemeji akacheka. Akasema Idi pili ikifika haijaelea, ni kuni. Nikakubali.

Msinipigie makofi bado. Nilipanda pantoni na kiroba cha sufi, ile ya mito. Fundi wa mashua akabadilisha mbao zilizooza. Kuziba nyufa nikamwambia aniachie, mie na kushindilia tumezaliwa pamoja. Nikashindilia, nikaita watu, tukaisukuma majini. Ikatulia kama bibi harusi, halafu ikaanza kunywa. Ikanywa mpaka ikakaa chini.

Fundi akaniuliza, "Bibi, hii mashua au mto wa kulalia? Sufi haisokoteki. Hapa panataka pamba."

Nikarudi nyumbani nikajilaza, nikasema basi, wakachome. Hapo ndipo mlipoingia nyie, kina mama. Hamkunibembeleza. Mlitandika mikeka barazani kwangu, mkamwaga pamba, mkasokota kamba huku mnanicheka. Mmoja wenu, anajijua, akasema nisipotoka atachukua wateja wangu wote wa mito. Nikatoka kwa hasira, nikakaa, nikasokota.

Pamba inalowekwa mafuta, na nazi hakuna. Mkaleta mafuta yenu ya nywele, kila mtu na kichupa chake, fundi akazishindilia zile kamba nyufani. Idi ile vichwa vyetu vilipauka, mashua ndiyo iling'aa.

Idi pili tukapanda, maboya tumeyafunga juu ya madera mapya, sufuria la pilau katikati, mashine ya kuazima, fundi kashika usukani, twende kutembea kisiwani Sinda. Shemeji naye akataka nafasi. Nikampa kopo la kuchotea maji, akae nalo. Alikaa nalo kwenda na kurudi, hakupata hata tone la kuchota. Mimi nilikuwa napapasa chini ya miguu yangu kila mara. Pakavu. Nililia mbele yenu na sikuona haya.

Fundi nakushukuru, na ulimi wako mchungu. Kina mama, nywele zimerudi, ila deni la mapenzi halirudi, nitakufa nalo. Na mwenzenu akifiwa, msimwachie chumba na kimya. Mwageni kazi barazani kwake, mumcheke kidogo, mtamwona anatoka.

Juzi mkaanga samaki kaja tena. Sasa anaitaka mashua nzima, abebee samaki wake, na safari hii kavaa kanzu. Nimemkaribisha, nimempa kahawa, kanywa. Nikamwambia, "Mashua ya mume wangu haikaangi samaki wa mtu."