Taa Nyekundu na Barua ya Odessa Hambrick

Mheshimiwa Jaji Ellenwood, Mwenyekiti wa Tume yetu ya mwongozo wa adhabu, waheshimiwa makamishna, mawakili wa serikali na mawakili wa utetezi, ambao leo mmekubali kukaa meza moja kwa sababu kuna keki, wenzangu wa masjala na wa chumba cha takwimu, ndugu wageni waalikwa, nawe Dwight Kessinger, mwenye taa yako:

Nimeiona, Dwight. Umeniwekea hapa mezani ile taa ya mashahidi, ya kijani, ya njano na nyekundu, ukadhani mimi, Verna Stallworth, nitacheka. Nimecheka. Miaka thelathini na moja nimewatazama watu wakihesabiwa dakika tano mbele ya taa hii, na leo zamu imenifikia. Nimeambiwa nina dakika kumi, mara mbili ya shahidi, kwa heshima ya mvi zangu. Nashukuru kwa hisani hiyo.

Mmenisifu sana asubuhi hii ya kuniaga kazini. Mmesema hakuna aliyesoma mafaili mengi ya hukumu kuliko mimi, na huenda ni kweli. Kila hukumu ya mahakama za shirikisho imepita kwenye meza kama yangu: ripoti ya mshtakiwa, ngazi ya kosa, rekodi ya nyuma, miezi aliyopewa, na sababu za jaji. Sisi tunavigeuza kuwa tarakimu. Tarakimu zikirundikana, makamishna wanaona mahali mwongozo wa adhabu unapobana kupita kiasi na mahali unapolegea. Majira ya joto wanachagua la kurekebisha. Majira ya baridi wanatangaza pendekezo, wananchi wanaandika maoni, mashahidi wanaitwa. Aprili wanapiga kura. Kabla ya tarehe mosi Mei badiliko linapelekwa Bungeni, na Bunge likikaa kimya, tarehe mosi Novemba linaanza kutumika. Hapa kwetu kimya cha Bunge ni ridhaa. Wageni huwa wanashangaa nikiwaeleza hivyo, nami nawaambia wasishangae, maana wengine humu tumeishi kwa kimya hichohicho.

Lakini baada ya kura ya Aprili kuna kura nyingine, na hiyo ndiyo inayoninyima raha. Badiliko likishapita, Tume inajiuliza: je, lirudi nyuma liwafikie waliokwisha kufungwa, au liwahusu tu watakaohukumiwa kuanzia sasa? Watu wawili wametenda kosa moja. Mmoja alihukumiwa Oktoba, mwingine Novemba. Nani atamweleza yule wa Oktoba?

Miaka kumi na moja iliyopita tulipunguza ngazi tatu za kosa kwa watu walioendesha tu gari lililobeba dawa za kulevya, wasiokuwa na mzigo wala faida yake. Wengi wenu mlikuwa bado shuleni. Lilikuwa badiliko zuri, na tarakimu zake nilizitayarisha mimi. Kwa lile swali la kurudi nyuma tuliita mashahidi, na mmoja wao alikuwa mama wa Mobile, Alabama, jina lake Odessa Hambrick, aliyekuja kwa basi mchana kutwa na usiku kucha, na pai ya viazi vitamu kwenye kopo. Walinzi wa mlangoni waliichukua ile pai. Mwanawe Curtis alikuwa amekaa gerezani miaka mitano, kati ya kifungo cha miezi mia mbili tisini na miwili. Aliendesha gari. Kwa hesabu mpya angepewa miezi mia mbili na kumi.

Mama Odessa alikaa kwenye kiti cha mashahidi na kofia yake ya kanisani. Hakuwa mtu wa kusema mbiombio. Alianza na shukrani, akamsalimu kila kamishna kwa jina, akaeleza kidogo juu ya baba yake Curtis, na taa ya njano ikawaka. Ndipo akasema: "Mimi sikuja kuwaambia mwanangu hakukosa. Alikosa. Mimi naomba tu..." Taa nyekundu ikawaka. Akanyamaza hapohapo, akasema ahsanteni, akasimama.

Nilimkuta nje ya ukumbi, anatafuta choo.

Akaniuliza, "Mwanangu, nimesema vizuri?"

"Mama, hukumaliza."

"Si taa iliwaka? Kwetu taa nyekundu unasimama. Nisije nikaonekana mjeuri, wakamfanyia ukali mtoto."

"Yaliyobaki unayo?"

Akatoa karatasi kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. "Ninayo hapa. Nitawaletea kwa posta."

"Nipe sasa hivi, nitaiingiza mwenyewe."

Akairudisha mkobani. "Mwandiko huu haufai. Nataka nikainakili vizuri, kwa kalamu nzuri. Sitaki waheshimiwa wadhani Curtis katoka nyumba isiyojua kusoma." Kisha akaniangalia miguuni hadi kichwani. "Na wewe kula, umekonda mno kwa mtu wa serikali."

Alifika kwao, akainakili. Akaitia posta siku sita kabla ya dirisha la maoni, yaani muda wa kupokea maoni ya wananchi, kufungwa. Siku sita, ndugu zangu.

Ninyi wa masjala mnajua kilichotokea, hata sijasema. Barua yoyote inayoandikiwa ofisi za serikali mjini hapa haiji moja kwa moja. Inapelekwa kwanza kupigwa mionzi, isije ikawa na sumu ndani, na inarudi imekauka, ya manjano, pembe zinakatika ukizigusa. Huchukua siku tano, nane, wakati mwingine kumi. Sisi sote tunalijua hilo. Ila kanuni ya masjala wakati ule ilisema tarehe inayohesabiwa ni ya kufika mezani, si ya muhuri wa posta. Barua ya Mama Odessa ilifika siku moja baada ya dirisha kufungwa.

Nani alikuwa amekaa masjala wiki ile, akimshikia nafasi mwenzake aliyekuwa likizo? Mimi. Niliiona bahasha. Nililisoma jina, na nilimkumbuka yule mama na kofia yake. Nikagonga muhuri: IMECHELEWA. Nikaitia kwenye droo ya zilizochelewa, ambako haisomwi na mtu. Sikumwambia yeyote. Nilijiambia kuwa kanuni ni kanuni, na kwamba nikimfungulia mmoja nitawafungulia wote. Nilijiona mwadilifu, Mungu anisamehe. Wahenga walisema kawia ufike. Barua ile ilikawia, ikafika, nasi tukaihesabu haikufika.

Kura ikapigwa. Watatu walitaka badiliko lirudi nyuma, wanne walikataa. Mheshimiwa Mwenyekiti, nisamehe kwa hili, na ukitaka unikate pensheni, najua huwezi. Wakati ule ulikuwa kamishna mpya, na kura yako ya kukataa ndiyo ya mwisho, iliyoamua. Uliandika maelezo mafupi, ya kiungwana, kama desturi yako. Nayajua kwa moyo. Uliandika kwamba ulisikiliza kwa makini, lakini hakuna shahidi hata mmoja aliyekueleza ni kwa nini mtu wa jana ahesabiwe sawa na mtu wa kesho. Na ulikuwa mkweli. Hakuna aliyekueleza. Aliyetaka kukueleza nilikuwa nimemfungia kwenye droo.

Nilifungua barua hiyo lini? Machi ya mwaka huu, nilipoanza kusafisha ofisi yangu, nikashuka masjala kuitafuta kwenye droo ile. Nikampigia simu Mama Odessa kule Mobile. Akapokea binti yake.

"Mama tumemzika Februari," akasema.

Nikamuuliza kama Curtis aliruhusiwa kwenda kumzika. Akasema, "Dada, wewe unafanya kazi huko huko, halafu unaniuliza mimi?"

Nilikaa chini na kalamu, nikafanya kazi ninayoijua. Kwa hesabu mpya, ukiondoa siku anazopunguziwa kwa mwenendo mzuri, Curtis Hambrick angekuwa nyumbani miezi mitatu kabla ya mama yake kufa. Miezi mitatu. Angemlisha. Angemshika mkono. Kwa hesabu ya zamani bado ana karibu miaka mitano mbele yake. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufanya katika jengo hili, nikitumaini nimekosea mahali.

Taa ya njano, naiona, Dwight.

Mwaka huu Tume imelifungua tena swali lilelile: badiliko la watu wa magari lirudi nyuma, au lisirudi. Dirisha la maoni linafungwa leo, saa kumi na moja jioni. Kwa miaka thelathini na moja sijawahi kutoa maoni, maana mfanyakazi haruhusiwi. Barua yangu ya kustaafu inasema utumishi wangu unakwisha leo saa kumi na nusu. Kwa hiyo nina nusu saa ya kuwa raia, na masjala iko hapo chini, ghorofa moja tu. Maoni yangu nitayapeleka mwenyewe, sitayatuma kwa posta.

Mliosema leo kwamba mimi ni mtu wa kanuni, mmesema kweli, na ndiyo aibu yangu. Nimewafundisha vijana wengi humu kwamba sheria ni msumeno. Sikuwafundisha kuangalia nani ameshika mpini. Ninyi mnaobaki, mtakapokuwa mnageuza watu kuwa tarakimu, na lazima mgeuze, maana bila tarakimu hakuna kitakachorekebishwa, fungueni bahasha kwanza. Muhuri baadaye.

Taa imekuwa nyekundu. Mama Odessa alisimama hapa, katikati ya sentensi, kwa sababu ya adabu. Mimi leo sina adabu hiyo. Karatasi ni hii, ya manjano, naomba mniwie radhi nikiishika taratibu, inavunjika. Mwandiko ni mzuri sana. Anasema:

"Mimi naomba tu mwanangu ahesabiwe kama kijana atakayekamatwa kesho. Yule wa kesho simjui, lakini naye ana mama. Kama miezi hiyo ni mingi mno kwa mtoto wake, basi ilikuwa mingi mno kwa wangu."

Basi. Ni hayo tu aliyotaka kuyasema. Nimeyapima kwa saa, yanachukua sekunde kumi na nane.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa umeelezwa.

Nawashukuru nyote kwa keki, kwa maua, na kwa miaka. Na ninawashukuru kwa kunisikiliza, hata taa ilipokwisha kuniambia nikae.