Symphorien Aliyeirudisha Nyama ya Direkta

Tarehe 30 Juni 1956, baada ya miaka thelathini kwenye matanuru ya kiwanda chetu cha matofali hapa Karavia, kapita mkuu Symphorien Mujinga anastaafu. Wenzake wameniomba mimi, Donat wa ofisi ya mishahara, niandike habari zake kwa ajili ya sherehe ya leo.

Alifika Élisabethville mwaka 1926 akitokea kaskazini mwa Katanga. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukanyaga udongo. Haukupita muda akahamishiwa tanuruni, na kabla ya mwaka wa tatu kwisha akafanywa kapita wa kusimamia wenzake. Wanaomjua wanajua pia kwamba hana sauti ya kuimba: padri wetu alimtoa kwenye kwaya kwa upole mwingi, akampa kazi ya kufungua na kufunga milango ya kanisa. Mwaka 1948 kampuni ilimzawadia baiskeli. Mpaka leo hajui kuipanda. Kila asubuhi huikokota kutoka mtaa wa Kenya hadi kazini, akitembea kando yake kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni.

Lakini hatuwezi kumuaga kwa kucheka tu. Walioajiriwa baada ya vita hawayajui yaliyotokea hapa mwaka 1931, na ni haki yao kuyajua.

Mwaka ule bei ya shaba ilianguka. Mji ukaacha kujenga. Matofali yetu yakarundikana uwanjani mpaka majani yakaota juu yake, na treni zikaondoka zimejaa wafanyakazi waliorudishwa vijijini kwao. Kiwanda kilibaki na mteja mmoja, masista waliokuwa wakijenga wodi ya wazazi, na tanuru moja lililokuwa likiwaka. Direkta wa wakati huo, ambaye kwa ukali wake aliitwa Bwana Makasi, yaani Bwana Nguvu, akatangaza kwamba posho ya kila Jumamosi itakatwa nusu: unga, maharagwe na samaki wakavu.

Jumamosi ya kwanza ya posho hiyo alimwita Symphorien ofisini. Akamwambia kwamba posho ya kapita haitaguswa, bali itaongezwa, na juu yake atapewa nyama. Symphorien akauliza kwa nini. Direkta hakuficha.

“Wakati wa shida, bakubwa njo banashikwa muzuri, ili basikimbie. Hata miye, kule Bruseli baliniongezea mushahara.”

Symphorien alibeba gunia la unga na furushi la nyama, akaenda nyumbani. Mkewe, Albertine, alilifungua furushi, akalitazama, akalifunga tena. Nyumba ya jirani, pale kambini kwa wafanyakazi, ilikuwa ya Hortense, mke wa Paulin mchoma matofali. Watoto wao walikuwa wanalia tangu mchana.

“Hii nyama sitaipika,” alisema Albertine. “Harufu yake itaingia kwa Hortense, na batoto bake beko na njala. Nitamuangalia na macho gani?”

Symphorien alimkumbusha kwamba kapita anayemkatalia direkta huenda akafungwa, au akapandishwa treni pamoja na mke wake.

“Najua. Na woga niko nao,” akajibu Albertine. “Lakini irudishe.”

Jumatatu asubuhi Symphorien alifika na gunia na furushi lile, akawakuta watu wa tanuru wameweka kuni chini. Habari ya nyama ilikuwa imeshasambaa kambini. Paulin alisimama mbele yake, uso kwa uso.

“Kapita, weye unakula nyama, halafu unatuambia sisi tuchome? Choma weye mwenyewe!”

Moto ulikuwa umeanza kufifia. Nje ya lango lilikuwa limesimama lori la askari walioitwa na direkta, na bunduki zao zilionekana kutoka uwanjani. Symphorien hakumkemea Paulin. Alisema tu, “Moto ukizimika, masista habatapata matofali, na sisi bote tutapanda treni. Mungojee kidogo.”

Akachukua gunia na furushi, akavuka sehemu tupu ya uwanja iliyokuwa kati ya wafanyakazi na askari. Waliokuwapo wanasema shati lake lilikuwa limelowa jasho ingawa jua lilikuwa bado halijapanda. Akaviweka vyote miguuni pa Bwana Makasi, aliyekuwa amesimama langoni.

“Bwana, unipe sawa na ile unapa bale bengine. Na ile balikuongezea weye, uiweke hapa vilevile. Hapo njo tutajua kama tuko bote mu kampuni moya.”

Direkta akampiga kofi, kofia ikaanguka. Hakuna aliyesogea. Kisha Paulin akageuka, akaokota gogo, akalitupa ndani ya tanuru. Mwingine akamfuata, na mwingine. Askari walipoingia walikuta watu wote wako kazini, jasho likiwatoka, na hapakuwa na wa kukamatwa isipokuwa Symphorien.

Alifungwa, akachapwa fimbo. Aliporudi alikuwa amevuliwa ukapita, akapewa toroli la kubeba udongo, akalisukuma kwa miaka minne. Lakini tanuru halikuzimika, masista walipata matofali yao, na Jumamosi iliyofuata posho ilitolewa nzima. Hakuna aliyeelezwa sababu.

Sababu ilijulikana siku Bwana Makasi alipohama. Alimfuata Symphorien penye toroli, akampa mkono.

“Ile baliniongezea, nusu niliitia mu posho yenu. Nusu ingine niliogopa kuitoa.”

Symphorien akaupokea mkono ule. Tukimuuliza leo alijisikiaje, husema alitamani kuukataa, lakini hajawahi kuonana na mkubwa mwingine aliyekiri woga wake.

Direkta aliyefuata alimrudishia ukapita. Tangu hapo, siku ya posho, yeye alikuwa wa mwisho kupokea chake, na makapita wote aliowafundisha walifuata desturi hiyo, hata wale waliokuwa wakinung’unika.

Wiki iliyopita direkta wa sasa alimuuliza amweke nani mahali pake. Symphorien akajibu, “Bwana, uulize bantu.” Kwa mara ya kwanza katika kiwanda hiki, watu wakaulizwa, wakamtaja Jeannot wa tanuru la pili. Kabla ya kukubali, Jeannot alimuuliza direkta mbele ya wote kama mshahara wa kapita mpya utasomwa kwa sauti, kila mtu ausikie. Direkta akautafuta kwenye karatasi zake, akausoma. Symphorien alicheka mpaka akajifuta machozi.

Baba Symphorien, tunakushukuru wewe na Mama Albertine. Mnakwenda kuishi Kasomeno, kwa ndugu zake mama, na lori la kampuni litawapeleka pamoja na baiskeli. Mwende salama, mle mshibe, na miaka yenu iliyobaki iwe mirefu na myepesi.