Mtoki wa Fundi Cherehani

Vijiwe vipo vingi na kila kimoja kinajidai, lakini benchi lililo mbele ya duka la Fundi lina haki ya kujidai. Limeundwa kwa mbao za kitanda kilichovunjika, mguu mmoja umeegemezwa kwa tofali, na juu yake hakuna jambo ambalo halijaamuliwa. Vita vimemalizwa hapo, timu zimefundishwa, ndoa za watu zimevunjwa na kuungwa tena, wenyewe hawana habari. Kwa kawaida Fundi hukaa mlangoni, anakanyaga cherehani yake huku anatupia maneno. Siku hiyo aliacha suruali ya mtu imeshonwa mguu mmoja, akaja kukaa katikati ya benchi. Wenzake wakajua ana jambo.

— Kesho asubuhi daktari anataka jibu, alisema Fundi. Kukata au kutokata.

Habari za unyayo wake kila mtu alizijua. Mwaka juzi aliota doa jeusi chini ya mguu wa kulia, likaitwa saratani, wakalikata na kumtia kiraka cha ngozi ya pajani. Aliporudi aliwavulia kiatu wote, mmoja baada ya mwingine, wauone ule mshono, akaapa kwamba yeye na ufundi wake wote hajui kuficha uzi namna ile. Watu wakadhani yameisha. Sasa kinenani, upande uleule wa kulia, palikuwa pameota mtoki.

— Mtoki ni mtoki, alisema Wakili, ambaye jina hilo alilipata baada ya kuitwa mahakamani kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Ukijikwaa tu, unaota. Mimi nimeota mitoki mingi kuliko meno.

— Yako ilikuwa na saratani?

— Yangu ilikuwa na adabu. Ilikuja, ikaaga, ikaondoka.

— Wangu hauagi, bwana. Wamechoma sindano, wakavuta majimaji, hawakuona kitu. Lakini daktari mwenyewe kasema sindano inachota upande mmoja, upande wa pili hujui kuna nini. Ndiyo maana kanipa njia mbili. Wautoe wote wauangalie vizuri, au tungoje tuone kama unakua.

— Sasa mtoki wenyewe ni kitu gani? aliuliza Bomba, fundi wa mabomba ya maji, mtu asiyekubali kitu mpaka ajue kinaingilia wapi na kutokea wapi.

Fundi akapunguza sauti, kama mtu anayesimulia alichokiona ng'ambo.

— Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Daktari alinichorea. Anasema kila mtu anavyo hivyo vifundo. Shingoni, kwapani, tumboni, kinenani, mamia kwa mamia, vidogo kama maharage. Vimetungwa kwenye vijia vyembamba kuliko uzi wa hariri, na humo haipiti damu, yanapita maji. Uchafu wowote ukipita, unakamatwa pale. Kama saratani ilitoroka unyayoni, basi kituo chake cha kwanza ni hapa.

— Mamia? Ndani ya mtu mmoja?

— Ndani yako wewe, Bomba, ulivyokaa hapo.

Bomba akapeleka vidole chini ya taya, akapapasa polepole. Wakili naye akafuata kwa kuibia, kama anayejikuna ndevu. Shemeji, muuza kahawa, ambaye ni shemeji wa kila mtu ingawa hakuoa kwa yeyote pale, aliweka birika chini akaingiza mkono kwapani.

— Nimekipata kimoja, Bomba alinong'ona. Kinateleza.

— Kiache hivyohivyo, alisema Shemeji. Usikiamshe.

— Jamani. Mimi nimelaza mabomba nusu ya mji huu. Kila chujio nililofunga, wiki ya pili naitwa limeziba. Haya yananichuja tangu nazaliwa, na mimi sijawahi hata kuyasalimia.

— Basi sema wewe mwenye kujua machujio. Nitoe nisitoe?

— Chujio likiziba linatolewa, kaka. Hakuna hadithi.

— Hapana, hapana, Wakili akainuka, maana hoja zake hazitoki akiwa amekaa. Hilo si chujio. Hicho ni kituo cha polisi. Mwizi kakimbia kutoka unyayoni, kakamatwa kinenani, yuko mahabusu. Wewe unataka kubomoa kituo mwizi akiwa ndani?

— Unabomoa na mwizi wake.

— Na wa pili akipita, atakamatwa na nani?

— Na maji je? Fundi aliwakatiza. Daktari kasema wakitoa, maji ya mguu yanaweza kukosa njia. Mguu ukajaa, ukawa mzito, usirudi kama zamani. Na huu ndio mguu wa kazi.

Aliunyoosha wakautazama. Tangu alipokabidhiwa cherehani, pedali ilikuwa mali ya mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa unasindikiza tu.

— Baba yangu mdogo alitolewa, alisema Shemeji akiwamiminia. Cha kwapani. Kuanzia hapo akawa anaijua mvua kabla ya mawingu. Mkono ukimvuta, tunaanua nguo.

— Na akina vifundo waliobaki, Wakili akadakia, nimesikia wakipoteza mwenzao wanakaa kikao kuchagua mwingine wa kushika zamu. Kuna mtu alitolewa huku chini, kazi ikahamia shingoni, akawa akikanyaga mwiba anavimba shavu.

— Ulimwona wewe?

— Nilimwona mtu aliyemwona.

Wakacheka, na Fundi alicheka pia, kidogo. Kisha akatoa mfukoni vipande viwili vya karatasi ya kaki, mviringo, kimoja kikubwa kuliko kingine, akaviweka juu ya paja.

— Futi ya kupimia ilikuwa inateleza juu ya mtoki, alisema. Nikapima kama ninavyopima kola. Nikaweka karatasi juu, nikaminya kwa ukucha kuuzunguka, nikakata. Hiki kidogo nilikikata siku nilipougundua. Hiki kikubwa ni cha jana.

Walivitazama vile vipande kama vimetoka mwezini. Bomba alikiweka kile kidogo juu ya kile kikubwa, na ukingo ukabaki umezunguka pande zote, upana wa punje ya mchele.

— Umekua, alisema Wakili, na safari hii hakuinuka. Kesi imekwisha, ndugu yangu. Kata.

— Kata, alisema Bomba.

Wakati huohuo alifika dada mmoja ambaye hawakuwahi kumwona, na kitambaa cha buluu kwapani. Akaamkia, akaambiwa Fundi ni huyu, akavitazama vipande vilivyokuwa pajani.

— Naona unakata viraka. Na mimi najifunzafunza kushona nyumbani, alisema. Hiki kikubwa umekiachia nafasi ya mshono, au ndicho kipimo chenyewe?

Wote wakamgeukia Fundi. Yeye alikuwa anaitazama mikono yake. Mikono hiyo haijawahi kukata kitu bila kukiachia nafasi ya mshono, na huwa haimwombi ruhusa. Siku ya kwanza ilikuwa inatetemeka, labda ilikata palepale penye alama. Jana ilikuwa imetulia, iko kazini, labda ile punje ya mchele ni nafasi ya mshono tu. Au siyo hivyo.

— Fundi, Bomba alisema taratibu. Uliacha?

— Sijui.

Alirudia tena, kama anayelionja neno. — Sijui. Na nikiupima leo, nitakuwa nimeshajua natafuta nini, mkono utakata ninachotaka.

Shemeji aliinamisha birika juu ya kikombe cha Fundi, likatoa masimbi ya kahawa matupu.

— Wautoe, alisema Fundi. Sitaki kukaa nao tukipimana.

— Na mguu ukijaa?

Fundi alipokea kitambaa cha yule dada, akakiweka mezani, akaenda kukaa kwenye cherehani yake. Aliutoa mguu wa kulia kwenye pedali, akaupandisha wa kushoto, akakanyaga. Gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukakatika. Benchi zima liligeuka kumtazama. Fundi aliulamba uzi, akautunga, akakanyaga tena.