Shimo la Saba Haliachi Kukauka

Nje ya duka la Suad, karibu na stesheni ya treni ya Toongabbie, huku ughaibuni, kuna benchi la kusubiria basi. Madereva siku hizi hawasimami hapo, wameshajua hao wanaoketi hawaendi popote. Kila Jumamosi Khamis wa Tanga, anayeitwa Balozi, hutoka na birika la kahawa ya tangawizi, na Mbuvi, dereva wa forklift kwenye maghala ya Wetherill Park, humsaidia kuinywa. Mbuvi wanamwita Profesa kwa sababu ya miwani tu. Leo Wekesa alifika amenuna. Yeye hutunza nyasi za uwanja wa gofu katika kijiji cha wastaafu wenye pesa zao, na nyasi za shimo la saba zilikuwa zinakufa.

— Meneja amenipa mpaka Jumatatu nimwambie ni nini kinaua nyasi. La sivyo kazi kwisha, na viza imeshikiliwa na kazi hiyohiyo. Nimeng'oa pale mara tatu, udongo na vyote, nikapanda upya. Hata mwezi hauishi, doa limerudi. Juu yake unga wa kijivu, kama chokaa.

— Wadudu hao, alisema Balozi.

— Nimepiga dawa.

— Basi mkojo. Wazee, choo kiko mbali…

— Mkojo wa kijivu, Balozi?

— Nyinyi hamfikirii, Profesa aliingilia. Hiyo ni hujuma, bro. Kijiji jirani gofu yao ina mashimo tisa tu, yenu kumi na nane. Ni wivu!

— Mzee wa miaka tisini aruke ua? aliuliza Wekesa.

— Wana drone! Ama ni serikali inajaribia wastaafu dawa, ipunguze pensheni. Nilisoma.

— Wapi?

— Online.

— Mimi nasema pana mwenyewe pale chini, Balozi alishusha sauti. Kwa nini la saba, lisiwe la sita? Kwetu tungeshachinja mbuzi.

Wekesa alikaribia kulia. Alikuja kutafuta jibu, akapewa mbuzi.

Hapo akatoka dukani dada mmoja Mrundi, Lyse, mhudumu wa wazee, amebeba unga wa muhogo; alikuwa amewasikia tangu mlangoni.

— Pardon. Wazee wakikufa kule, wanazikwa wapi?

Miaka minne Wekesa hajaona kaburi pale, wala hajajiuliza. Kwao Bungoma mtu huzikwa nyumbani, hata kama ni kwa harambee.

— Wengi wanachomwa, alisema Lyse. Halafu mke anamwaga majivu pahali bwana alipenda. Majivu ile inaua nyasi.

Wekesa akawatajia Bibi Margaret, anayesimama shimo la saba kila Jumapili na mkebe mdogo, akiongea peke yake. Alidhani ni uzee. Kumbe alikuwa anammwaga mumewe kidogo kidogo, wasiachane upesi. Ilimchoma moyoni.

— Hata mimi nilikuwa nafika hapo, alisema Profesa.

— Viza imepona! Balozi akamimina kahawa. Jumatatu mwambie meneja, naye atazungumza na bibi.

Wekesa alicheka hatimaye. Lyse hakucheka.

— Bon. Na udongo ile ulitoa mara tatu, uliweka wapi? Mama Margaret atauliza.

Udongo mzuri vile Wekesa aliona dhambi kuutupa. Aliubeba wote hadi kwake Quakers Hill, akaumwaga nyuma ya nyumba, kwenye sukuma wiki, na wenzake walijua. Profesa, aliyepewa mafungu mawili wiki iliyopita na kuyasifu sana, alitema kahawa. Balozi, aliyepewa matatu, alianza kufunika birika, aondoke.

Lyse aliweka unga wake chini, akangoja jibu.