Jina la Kuandikwa Juu ya Kitabu cha Kumi na Tisa

Ndugu waombolezaji, yapo mambo ambayo hakuna shahidi aliyeyapinga, nayo ni haya: kwamba marehemu Lidwina Aidan Luambano ndiye aliyeandika vitabu vya Mama Sabina kuanzia cha kumi na mbili, kwamba majalada yote mpaka la kumi na nane yana jina la marehemu Mwalimu Polikarp Nungu, aliyeandika kumi na kimoja vya kwanza, na kwamba cha kumi na tisa kipo kwa mchapaji, kikisubiri jina. Ni jina la nani, hapo ndipo mashahidi wanapoachana.

Marehemu alizaliwa Madaba tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1959 hadi 1966, akaendelea na sekondari na chuo cha ualimu, na Januari 1973 akaanza kufundisha hapa Lizaboni, chini ya mwalimu mkuu Polikarp, ambaye miswada yake alimpigia taipu kwa miaka mingi. Tarehe 21 Juni 1975 alifunga ndoa na Edmund Gama, wakajaliwa watoto wawili, Pamela na Beda.

Kwa asiyevisoma vitabu hivyo, Mama Sabina ni mpishi wa shule, mjane, ambaye katikati ya kuni na masufuria hugundua nani kaiba kengele ya kanisa au nani kasogeza mpaka wa shamba, wala humo hauawi mtu.

Mwalimu Polikarp alifariki Oktoba 1988. Mjane wake, Mama Kunegunda, anasema siku tatu kabla mumewe alimwagiza Lidwina aendeleze kazi, ilhali mwanawe Sixbert anasema alimsikia baba akitamka, "Nikienda mimi, Sabina naye apumzike." Maandishi hayapo. Mama alikuwa chumbani, lakini ndiye aliyetamani kazi iendelee. Sixbert hakuwa na la kupata, lakini alikuwa barazani, na mlango ulikuwa umerudishwa. Familia haikumwona hata mmoja wao kuwa mwongo.

Kitabu cha kumi na mbili kilitoka Aprili 1990, biashara huria ilipokwisha kuruhusiwa, kikauzwa stendi kwenye meza ya Bashiru, mfanyabiashara kutoka Tunduru, nacho kilikuwa na kosa. Katika vitabu vya Polikarp, Mama Sabina huwaitikia marahaba wote wanaomwamkia, isipokuwa mmoja, ambaye humtazama miguu na kumuuliza habari za mvua, na huyo ndiye mkosaji. Wasomaji walilijua hilo, wakalisubiri, wala hawakumwambia mgeni. Lidwina, aliyezoea kurudisha salamu ya darasa zima kila asubuhi, alidhani mzee alikuwa akisahau, akamfanya Mama Sabina aitikie kila mtu.

Mzee Nassoro, fundi baiskeli wa Bombambili, alikirudisha kitabu mezani akisema, "Bwana wee, huyu Sabina anamwitikia mwizi, kapelekwa semina ya adabu?" Bashiru akamjibu, "Mzee wangu, mie muuzaji tu, mwandishi yupo Lizaboni, kamsute mwenyewe." Akaenda. Lidwina akamwamkia shikamoo, mzee akamtazama miguu, akauliza habari za mvua.

Wiki ile marehemu alivisoma upya vyote kumi na kimoja, na cha kumi na tatu kilipotoka, mzee Nassoro alipanda tena Lizaboni, akasema marahaba iliyochelewa miezi kumi na minne. Tangu hapo hapakuchapwa mswada ambao yeye hakusomewa kwanza.

Haki inataka lisemwe pia lisilompendeza marehemu: Bashiru anakiri kwamba mwaka 1992 alimwambia, "Mwalimu, watu wanamnunua Polikarp," naye akanyamaza, na kunyamaza si ushahidi wa unyenyekevu wala wa udanganyifu.

Marehemu alianza kuugua moyo Novemba 1995, akalazwa mara tatu, na akafariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1996. Siku mbili kabla, Pamela alimuuliza jina la kuchapwa, naye akajibu, "Nyumba ni ya Mwalimu, lakini mvua hizi zote zimenikuta mimi ndani." Tumeyapima maneno hayo, na pande zote mbili zinaweza kuyatumia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Lizaboni waliopika na kuchota maji tangu Ijumaa, na walimu wenzake waliobeba vipindi vyake tangu alipougua. Upumzike kwa utulivu, Lidwina, shauri hili umetuachia sisi.

Mchapaji anasubiri hadi Jumatatu. Ukurasa wa mwisho wa daftari la maombolezo tumeuacha mtupu, na kalamu ipo. Wewe uliyevisoma, uliyesikia sasa ya kumtetea na ya kumpinga, pima mwenyewe, kisha andika jina unaloliona ni la haki.